Risasi Iliyowaka Kijani

Nyawira mwanangu,

Nimekaa jikoni, maharagwe yanachemka, na wewe uko upande wa pili wa ukuta huu wa mbao unafungua na kufunga begi lako kana kwamba nguo zitapungua uzito ukizipanga upya. Ningeweza kukuita tu ukaja. Lakini mimi na wewe tunajuana. Tukianza kuzungumza jambo zito, wewe unapandisha sauti, mimi naipandisha zaidi, na mwisho kuna mlango unabamizwa ambao babako atalazimika kuurekebisha. Kwa hivyo nimechukua kalamu. Nitaiweka barua hii juu ya begi lako, uisome ukishakula, au kesho kabla gari halijafika. Ila uisome kabla hujampandisha mtoto ndani ya gari hilo.

Mambo ya kuvaa vizuri kwenye baridi, kuomba kabla ya kulala na kuchunga pasipoti nayaruka. Umeshaambiwa na akina mama wa kanisa wote waliopita hapa wiki hii, na wengine wao safari ndefu waliyowahi kwenda ni Karatina siku ya soko. Ujerumani utaijua mwenyewe. Mimi nataka tuzungumze juu ya Mumbua, bintiyo, ambaye sasa hivi amelala kitandani kwako huku ameshika mkanda wa begi ili usimtoroke.

Jana kwenye chai ulisema, bila kumwangalia mtu machoni, "Mami, Mumbua habaki hapa. Nampeleka kwa anti Mwende Wang'uru, nishaongea na yeye." Babako aliweka kikombe chini, akavaa kofia, akatoka. Mimi nilianza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa tayari vimeoshwa. Mwende ni dadangu wa tumbo moja, sina neno naye, nyumba yake ni safi na mchele kwake hauishi. Lakini mtoto huyu ana jina langu. Tangu azaliwe hajawahi kulala mahali ambapo mimi sisikii akikohoa. Nilipanga maneno ya kukuomba umwache, na niliyapanga vizuri, hata wewe na ugumu wako ungelia.

Leo mchana nimeona kitu, na maneno yale hayafai tena. Nitafika hapo. Niruhusu nianzie mbali kidogo, maana nikikimbilia mwisho utadhani nimeandika kwa hasira.

Unajua nilivyoondoka kwetu? Hujawahi kuniuliza, nami sikuwahi kukusimulia kwa sababu si habari ya kujivunia. Babangu alikuwa sajini wa polisi, mwalimu wa gwaride hapa Kiganjo, Mkamba aliyeletwa huku na kazi, na alikuwa ameshanichagulia karani mmoja mwenye suti. Mimi nikamletea Gichuki, kijana wa kutengeneza betri na rejeta za magari pale njiapanda, aliyenukia asidi hata siku ya Jumapili. Babangu alimtazama kutoka juu hadi chini, akaniuliza mimi, si yeye, "Mtu wa kupika betri atakupikia nini?" Siku niliyofunga sanduku langu aliketi nyuma ya nyumba akipiga viatu rangi, viatu ambavyo vilikuwa vinang'aa kabla hajavigusa. Nilimwona kupitia dirishani. Nikasema moyoni, hataki kuniaga, shauri yake. Nikaenda zangu. Tulikaa miaka hatusemezani, kila mtu na haki yake. Alipokuja kukuona wewe ukiwa mchanga alikuwa ameshazeeka, amekonda shingo, na mimi nilitaka kumwambia mambo mengi nikaishia kumwuliza kama chai ina sukari ya kutosha.

Sijutii kumpenda babako. Ninachojutia ni kwamba nilimwona mzee wangu anapiga rangi viatu safi, nikajua kabisa anafanya nini pale, na nikajifanya sijui. Jana nikiwa na vile vikombe mkononi nilimkumbuka sana.

Sasa turudi kwa babako. Wewe kwake si binti tu. Ulipewa jina la mama yake mzazi, na tangu ukiwa kwenye nepi anakuita maitu, mama yangu. Ukimwambia kitu kibaya, hakimfikii kama neno la mtoto, kinamfikia kama mama yake amefufuka kumgombeza. Na mtoto wako, kwa kuwa ana jina langu, ndiye "mke wangu". Baba yake Mumbua alipokataa kuonekana, wewe ulilia, mimi nilitukana, na babako alisema tu, "Basi niko na bibi wawili, nitafanya nini?" Akaenda kununua shuka za mtoto.

Unakumbuka lile kabuti lake la kijivu. Baridi ya huku ilimfanya alivae kazini na nyumbani, mvua na jua, mpaka nikawa namwuliza kama amezaliwa nalo. Na kwa hesabu yake mwanamume harudi kwa watoto mikono mitupu. Kwa hivyo kila jioni mfukoni mwa kabuti kulikuwa na kitu: mandazi, ndizi mbivu, njugu, siku nyingine kipande cha muwa. Wewe ulipekua mfuko ule tangu ukiwa huwezi kuufikia. Mumbua naye akaupekua. Anamsikia babu yake kwenye lango, anapiga mbio, "Guka, fungua! Guka, uko na nini?" na mkono mzima unazama mfukoni mpaka begani. Babako alikuwa anasimama wima hivi, amenyoosha mikono kando kama mtu anayepekuliwa na polisi, anacheka mpaka machozi. Nadhani ndiyo saa aliyoipenda kuliko zote katika siku yake.

Halafu ukaja kutoka chuoni na tochi yako.

Najua unavyopenda kunieleza kazi yako, na mimi hujifanya naelewa kuliko ninavyoelewa. Lakini hili nililielewa. Ulikuwa na kichupa cha kupulizia na tochi ya mwanga wa zambarau, jamaa ya ile wenye maduka humulikia noti bandia. Ulisema risasi, haya madini mazito ya kijivu yaliyo ndani ya betri, siyo ile ya bunduki ya babangu, huacha chembe zisizoonekana kwenye kila kitu inachogusa, na kwamba nyinyi huziita ayoni. Hazina harufu, wala rangi, na hata ukizilamba hutajua. Lakini ukizipulizia maji ya kichupa zinashikana nayo na kuwa fuwele ndogo sana, na fuwele hizo ukizimulika zinawaka kijani. Basi ukafunga mapazia mchana kweupe na kutugeuza sisi maabara yako.

Kwanza nilikupa kicheko. Ulimulika kanga na mashati yangu yaliyokuwa yanangoja pasi, yote yakawaka bluu, nami nikapiga yowe, "Uuui, tumekwisha!" Wewe ukacheka ukashika meza. "Mami, tulia, hiyo ni sabuni. Sabuni ya unga inawaka bluu. Risasi ni kijani." Nilikaa chini nikijipepea. Hata mzee wa kanisa aliyekuwa ametutembelea alicheka na kumwaga chai.

Kisha ukapulizia kabuti lililoning'inia msumarini. Kola ikawaka, mikono ikawaka. Ukageuza mfuko nje ndani, ukapulizia, ukamulika. Sijawahi kuona kijani kama kile. Mfuko mzima, hadi kwenye pembe zile ambapo makombo ya mandazi hujificha. Hakuna aliyecheka tena. Babako alisimama, akauangalia mfuko wake, akasema polepole, "Maitu, unataka kusema nini? Ati nimekuwa nikilisha huyu mtoto sumu?"

"Sijasema hivyo, Baba. Nasema iko kwa mfuko."

"Hii kazi niko nayo kabla wewe uzaliwe. Si unaniona? Niko mzima."

Ukamjibu kwamba hujazungumza juu yake, unazungumza juu ya mtoto, kwamba risasi humdhuru mtoto mdogo kuliko mtu mzima, kichwani na tumboni. Ulisema kweli. Lakini mzee wa kanisa alikuwa ameketi pale pale akisikiliza, na mimi nilimwona babako akikunjamana uso mbele ya mgeni, na nikafanya nilichofanya. Nikakuambia, "Risasi hiyo hiyo ndiyo imekulipia shule. Leo ndio umeona ni chafu?"

Nyawira, neno lile nimelijutia tangu siku ile. Ulizima tochi, ukaanza kukusanya vitu vyako, nami nikajiona nimeshinda. Sikuwa nimeshinda. Nilikuwa nimemchapa mtoto wangu kwa kutumia jasho la baba yake, mbele ya mgeni, kwa sababu alinionyesha jambo nisilotaka kuliona. Nisamehe. Si kwa sababu unaondoka kesho. Ningepaswa kukuomba msamaha jioni ile ile.

Na kama ingeishia kwa maneno, ingekuwa nafuu. Ulirudi Nairobi ukiniachia agizo moja: mpeleke mtoto hospitali apimwe damu. Nilikaa na agizo hilo majuma kadhaa. Mumbua alikuwa analalamika tumbo, haendi choo vizuri, anakataa chakula, analia kwa kitu kidogo tu kama vile amechokozwa. Nikasema ni minyoo, nikampa dawa ya minyoo. Nikasema ni guka wake amemdekeza. Nikamsugua tumbo na mafuta, nikamwombea. Kila dawa ninayoijua nilimpa isipokuwa ile ya kukusikiliza wewe. Tulipompeleka hatimaye, daktari alisoma karatasi, akaisoma tena, akauliza nyumba yetu iko karibu na nini. Babako ndiye aliyejibu. Alisema, "Iko karibu na mimi."

Sijui kama alikuambia habari hiyo. Hakukuambia, namjua.

Tangu siku ile hujamwona alivyobadilika, umeona vipande tu ulipokuja wikendi. Alijenga bafu la mabati kule gereji, anaoga hapo na kubadilisha nguo zote kabla ya kurudi. Viatu vya kazi havivuki lango. Alitaka kulichoma lile kabuti, ukamwambia kwa simu asilichome kwa sababu moshi utarudi kwetu, basi akalifunga ndani ya pipa la chuma na kulifunika. Alisugua ukuta, kiti chake, kitasa cha mlango. Alikuwa ananiita nije nimsomee ile tochi uliyotuachia, kwa sababu alidai macho yake hayaoni kijani vizuri. Yanaona. Alikuwa anaogopa tu.

Na akaacha kumbeba mtoto. Hilo hatukukuambia. Mumbua anamsikia langoni, anatoka mbio kama kawaida, na babako anarudisha mikono nyuma ya mgongo na kusema, "Mke wangu, guka ni mchafu. Salimia kwa mdomo." Siku za kwanza mtoto alidhani ni mchezo. Akawa anazunguka nyuma kuitafuta ile mikono, naye anageuka, anazunguka, anageuka. Siku moja akaacha kuzunguka. Akaja hapa jikoni akaniambia, "Cucu, guka hanipendi sikuizi." Nilimwambia guka anampenda sana. Akaniuliza, "Sasa mbona hanishiki?"

Damu ilipopimwa mara ya pili, risasi ilikuwa imeshuka, lakini kidogo, si vile daktari alivyotarajia. Alituuliza kama kuna mahali pengine pa kutazama. Wewe ulikuwa umekuja, ulisimama pale mlangoni pa daktari, na ulimwangalia babako. Nilikuona ukimwangalia, na yeye alikuona. Tulipofika nyumbani aliniambia, "Kama ni mimi, wacha nihamie gereji. Nitaweka kitanda huko." Nikamwambia aache upuuzi. Lakini ndani yangu, na hili ni gumu kuliandika, nilikuwa nimekubaliana na wewe. Nilidhani anashika vitu vya kazi kwa siri baada ya kuoga. Nilidhani anampa mtoto mandazi kwa siri. Nilianza kumnusa anapoingia kama mke mwenye wivu. Kwa hivyo uliposema jana kwamba Mumbua anaenda Wang'uru, yeye akatoka nje bila kujitetea, mimi nilimhurumia, lakini sikumwambia "si wewe".

Haya, leo mchana.

Ulikuwa umeenda mjini Nyeri kuchukua zile picha za pasipoti za ziada. Nilienda kuchuma sukuma ya chakula cha mtoto. Unajua daktari alisema apewe maziwa na mboga za kijani kwa wingi, na mimi nikiambiwa na daktari kitu ninachokiweza, nakifanya mpaka kupita kiasi. Tangu wakati ule mtoto amekula sukuma kama mbuzi. Asubuhi sukuma, mchana sukuma, akikataa namwimbia, akikataa tena namlisha kijiko kwa hadithi. Sukuma yangu inasifiwa Kiganjo nzima, hata wewe huitamani ukiwa chuoni. Haina wadudu. Watu huniuliza dawa gani ninatumia, nami hujibu kwa maringo, "Majivu tu, mama, majivu."

Nilikuwa nimeshika debe la majivu mkononi, nataka kunyunyiza kwenye majani kama nifanyavyo kila Jumamosi. Na mkono ukakataa.

Majivu yale natoa wapi, Nyawira? Hapa nyumbani tunapikia gesi tangu ulipotununulia ule mtungi. Majivu yale hutoka gereji. Ni majivu ya lile jiko ambalo babako huyeyushia risasi kuukuu ndani ya sufuria ili amimine vichwa vipya vya betri. Nimekuwa nikiyabeba mwenyewe, kwenye debe, kichwani, kwa miaka. Yeye hakuwahi kunipa. Mimi ndiye niliyemwambia asiyamwage, ni hasara.

Nilichukua karatasi zako nyeupe za kupangusia, nikapangusa jani moja juu na chini kama ulivyonifundisha, nikapulizia karatasi. Lakini lilikuwa jua kali, tochi haionekani. Basi nikachukua blanketi la Mumbua, nikachuchumaa katikati ya sukuma na kujifunika kichwa hadi miguu. Mama Wairimu alikuwa anapita nje ya ua. Nikamsikia anasimama. "Mama Nyawira, uko sawa? Ama unaombea mboga?" Nikamwambia niko sawa. Akasema, "Haya, niombee na yangu pia, imeliwa yote," akaenda zake.

Chini ya lile blanketi, karatasi iliwaka. Siyo kama mfuko, mfuko uliwaka mzima. Hii ilikuwa vitone vidogo vidogo, vingi, vimetawanyika. Nilijiambia labda ni rangi ya jani, kwa sababu jani ni kijani. Halafu nikakumbuka ulivyoniambia kwamba jani lenyewe likimulikwa huonyesha wekundu hafifu, si kijani hata kidogo. Nikachukua karatasi nyingine, jani lingine. Vitone. Nikapangusa vidole vyangu. Vitone. Nikapangusa lile bakuli la plastiki ninalochumia, ambalo Mumbua hupenda kulivaa kichwani kama kofia.

Niliketi pale chini kwenye mchanga. Sikulia mara moja. Nilikuwa nahesabu vijiko.

Sisi sote tulimulika upande mmoja, mwanangu. Kazi ya babako ni chafu, kila mtu anaiona kuwa chafu, na kwa hivyo tochi ilielekezwa kwake. Nani angemulika sukuma ya mama? Hata wewe na masomo yako yote hukuimulika, na sikulaumu, ungeanzaje? Tulikula pamoja ukiwa hapa, ukaniambia, "Mami, hii ndiyo nitakosa Ujerumani." Huko uendako watakupa mashine kubwa kuliko tochi, na nafurahi. Ukiwa nazo, nikumbuke mimi chini ya blanketi. Si kwa huruma. Nikumbuke tu siku ambayo utakuwa na hakika kabisa ni mahali gani pasafi.

Babako aliporudi jioni hii nilimngoja langoni. Nilikuwa nimepanga jinsi ya kusema, nikaishia kumpa karatasi na tochi na kumfunika blanketi, masikini, akiwa bado ameshika kofia. Alitazama. Akauliza kutoka ndani, "Hii ni ya wapi?"

"Ya sukuma yangu."

Blanketi likasogea, akainama zaidi.

"Majivu?" akauliza.

"Majivu."

Akatoa kichwa nje. Nilikuwa tayari kukaripiwa. Ningefurahi angenikaripia, maana mimi nilimnusa na kumshuku, nikamwacha abebe lawama yote akiwa peke yake. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akasema, "Kumbe tuko wawili." Akacheka kidogo. Kisha akaweka kofia usoni, na mabega yakaanza kutikisika, na mimi nikakaa karibu naye. Wewe ulikuwa unaoga. Mtoto alitoka akatuona, akaja akasimama mbele yetu, akatuuliza kama tumeanguka.

Sasa nimefika kwa lile neno nililotaka kukuambia tangu mwanzo, na linaniuma kuliko nilivyodhani. Jana ningekuomba umwache. Leo nakuambia mpeleke. Umefanya vizuri, hata kama hukujua sababu yote. Udongo wa shamba lile una miaka ya majivu ndani yake, na Mumbua huchimba pale na kijiko akipika ugali wa matope. Hauwezi kusafishwa kabla ya gari la kesho. Tutang'oa mboga zote. Babako amesema atakwangua udongo wa juu, aufunike, na tutaleta udongo mwingine kutoka kwa ndugu yake Endarasha, na kwamba kila kitu kitapanguswa na kumulikwa mpaka wewe utosheke, si sisi. Na tochi yako haioni ndani ya mwili. Ile damu ndiyo itakayosema, na isemee Wang'uru ambapo hakuna mkono wangu.

Usimfiche Mwende kitu. Mwambie yote, na mwambie kwamba majivu yalikuwa yangu. Nisingependa aendelee kumtazama babako kama alivyomtazama siku ile kwenye simu ya video. Nami nitashuka kumwona mtoto kila nitakapoweza, nikiwa na nguo za kubadilisha, kama mkunga.

Usiende ukijilaumu kwamba umetuacha na aibu. Nimekasirika, ndiyo. Nimejikasirikia mimi, nimekikasirikia kichupa chako, nimelikasirikia lile jiko. Wewe sijakukasirikia. Kama hungekuja na tochi ile, ningeendelea kumlisha mtoto wangu kwa upendo mpaka nimmalize. Nakupenda, Nyawira. Siku zote nimekuambia kwa kukuuliza kama umekula, lakini leo naliandika kama lilivyo.

Umeuliza kupitia ukutani hapa kama maharagwe yameiva. Yameiva. Lakini babako bado yuko sebuleni, na sitaki umsumbue. Ameketi na nguo za Mumbua, mapazia yamefungwa. Anachukua nguo moja, anaipangusa na karatasi, anapulizia, anamulika, anatazama. Isiyowaka anaikunja na kuiweka kwenye mkoba mdogo wa safari. Inayowaka anaiweka kando. Sweta nyekundu aliyomnunulia Krismasi imewaka viwiko vyote viwili. Aliishika, halafu akaniuliza kama Wang'uru kuna baridi. Nikamwambia hakuna, huko ni joto mwaka mzima. Akasema sawa, akaiweka kando na zile nyingine.

Kesho gari likifika, utataka kumbeba mtoto mwenyewe na kuingia haraka, ili kusiwe na kilio. Nakuomba usifanye hivyo. Mpe babako ambebe kutoka mlangoni hadi garini. Hajui kama nimekuandikia hili, na yeye mwenyewe hatakuomba. Ameoga mara mbili. Atavaa lile shati alilotoa dukani juzi. Na muda mfupi uliopita nilimwita hapa jikoni, nikamwambia anyooshe mikono, nikaipangusa yote, kiganja na kila kidole, na chini ya kucha. Tukazima taa. Nikapulizia karatasi, nikamulika, na tukainama wote wawili tukangoja.

Hakuna kilichowaka.

Mamako,
Mumbua